Mwanangu, beba mto

Mwanangu mpendwa,

Nimeiona karatasi uliyoibandika kwenye mlango wa kabati, vitu vyote vya safari yako ya kupanda mlima kwa miguu vimepangwa na uzito wake pembeni kwa gramu, ili mzigo usikulemee. Kwa utaratibu sina neno. Katika watoto wangu wewe ndiye mpangaji, na huwa najivunia hata kama sikwambii. Hema, sawa. Jiko la gesi, sawa. Tochi ya kichwani, sawa. Nikaisoma tena nikitafuta mto wa kulalia. Chini kabisa umeandika, "mto: koti."

Sasa nisikilize. Koti hilohilo ndilo uliloliandika juu kwamba ni la baridi ya usiku. Saa nane za usiku baridi ikikaza utalivaa, na ukishalivaa kichwa kinabaki chini. Mto wa kujaza hewa una gramu 60 mpaka 100 hivi, na ukiutoa hewa unaenea kiganjani. Usiujaze ukawa mgumu kama mpira. Uache na ulaini kidogo, kisha uvishe fulana, au uuingize ndani ya kofia ya mfuko wa kulalia, maana mito ile inateleza, unaamka umeupoteza gizani.

Najua utanijibu kwa yule bibi wa Marekani unayempenda, Emma Gatewood. Mwaka 1955, ana miaka 67 na watoto 11 aliowazaa, alitembea yote Appalachian Trail, ile njia ndefu ya miguu ya milimani mashariki mwa Marekani, zaidi ya kilomita 3,000, kwa raba za kawaida, fuko la kushona mwenyewe begani, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni badala ya hema. Ulinisimulia kwa raha mpaka nikaenda kumsoma mwenyewe. Mbona hukuniambia ya 1954? Mwaka huo alianza, akapotea, akavunja miwani, akarudi nyumbani. Na wewe bila miwani humtambui mama yako ng'ambo ya barabara. Je, miwani ya pili imo kwenye karatasi yako? Haimo. Kilichomo ni mswaki uliokatwa mpini. Nilikuwa najiuliza nani ameacha msumeno wa chuma kwenye sinki, kumbe ni msomi wangu anapunguza gramu tano.

Halafu yule mama alikuwa amezoea kazi za shamba. Wewe una shingo inayouma. Shingo hiyo ilianza na lile godoro jembamba mlilolalia nyote, na mambo ya wakati ule yalikuwa vile yalivyokuwa, tusiyafukue leo. Ninachosema ni kwamba usibane gramu kwenye usingizi. Bana kwingine.

Kwa mfano, kile kiti cha kukunja ulichonionyesha kwenye simu, hicho sikitetei. Hata vile vyepesi kabisa vinakaribia nusu kilo, na wewe tangu lini ukakaa mahali pamoja? Kiti ni cha mtu anayepiga hema karibu na gari. Kata kipande cha mkeka wa sponji, ukubwa wa kukalia tu. Hakizidi gramu 50. Mchana utakalia jiwe lenye umande bila kulowa, na usiku utakisukuma chini ya nyonga pale mkeka wako mwembamba unapozidiwa. Hicho nakiita anasa ya maana. Kitabu nacho beba, kimoja, chembamba. Mvua ikikufungia ndani ya hema mchana kutwa utaona simu haina ladha.

Soksi za kulalia ziwe pea yake peke yake. Usitembelee nazo hata hatua moja. Zikae ndani ya mfuko wa kulalia daima, zikiwa kavu. Za sufu, manyoya ya kondoo, ni bora kuliko za pamba, kwa sababu pamba ikilowa hukaa na maji na kukupoza. Zisibane, miguu iliyobanwa haipati joto. Ubebe na kitambaa kidogo cha kunawa miguu kabla ya kulala, usitegemee vile vitambaa vyenye maji vya paketi: vingi vina nyuzi za plastiki, huwezi kuvifukia, utarudi navyo vichafu mfukoni. Najua hupendi nikikuambia kunawa miguu kama mtoto. Nawa tu.

Baridi ikizidi, chemsha maji uyatie kwenye ile chupa ngumu ya mdomo mpana, kaza kifuniko, igeuze uone kama inavuja, ivishe soksi, uiweke kati ya mapaja. Usithubutu na chupa nyembamba ya maji ya dukani, ikipata maji ya moto inajikunja na kukumwagia. Asubuhi maji hayo utayanywa wakati ya wenzako yameganda. Pawabenki nayo lala nayo humo humo, baridi inanyonya chaji.

Vizibo vya masikio havifiki hata gramu kumi. Utasema umeenda kusikia msitu. Msitu utausikia mchana. Usiku utasikia turubai la hema likipigwa na upepo, pah pah pah, na yule rafiki yako anayekoroma. Chokoleti usiingie nayo kulala, panya hutoboa hema kwa harufu tu. Na mkifika juu, mita 3,000 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 90, hivyo chai haitakolea unavyoitaka. Usimnunie mpishi.

Nirudi kwenye mto. Hunikoseshi raha kwa sababu ya wanyama wala mvua. Nawaza asubuhi ya siku ya tatu, hujalala siku mbili, shingo imekaza, unashuka mteremko wa changarawe na shanta mgongoni, na mbele kuna njia panda. Mtu aliyelala anasimama akatazama ramani. Asiyelala anasema "twende tu." Wewe ukiwa na usingizi ni mtu wa "twende tu," nimekulea, nakujua. Waulize dada zako.

Nimepiga hesabu yako kwa kalamu yako: mto, soksi, vizibo, kipande cha sponji, kitambaa, miwani ya pili na kasha lake. Haifiki gramu 400. Maji ya nusu lita tu yanazidi hapo, na maji hukuyaandika kabisa! Umepima mswaki ukasahau maji.

Mdogo wako anauliza kama anaweza kuhamia chumbani kwako ukiwa safarini. Nimemwambia asubiri jibu lako, ingawa nguo zake zimeshaanza kuonekana humo. Paka yuko salama. Fundi wa bomba alikuja akafungua, akaondoka na kusema kifaa kimekosekana, tangu hapo tunachota maji ya jikoni kutoka bafuni, na baba yako hataki fundi mwingine aitwe kwa sababu huyu alimleta yeye.

Mto nimeshaununua. Uko juu ya friji, kwenye mfuko wa buluu, pamoja na vizibo. Ukija kuuchukua njoo na ile spana kubwa uliyoiazima, na msumeno ukauning'inize mahali pake stoo.

Mama yako