Salamu za Sikukuu ya Mtakatifu Benedikto Abate

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwenu watawa wa Peramiho, Ndanda, Hanga na Mvimwa, nanyi nyote mnaoitwa Benedikto au Benedikta, nawatakia heri ya somo wenu tarehe 11 Julai, siku inayotukuta katikati ya kipupwe, wakati wakulima wa Songea wakipukuchua mahindi.

Mwaka huu nawaalika tuitafakari Monte Cassino, nyumba ya watawa aliyoianzisha Benedikto huko Italia mnamo mwaka 529. Walombardi waliibomoa katika karne ya 6, Wasaraseni wakaichoma mwaka 883, tetemeko likaiangusha mwaka 1349, na tarehe 15 Februari 1944 ndege za Marekani zikaifanya kifusi pamoja na wakimbizi waliojificha humo. Baada ya vita watawa waliamua kuijenga kama ilivyokuwa na palepale ilipokuwa, hata Papa Paulo VI akalitabaruku kanisa lake tarehe 24 Oktoba 1964. Wapo wanaolidharau jengo hilo kuwa ni nakala tu. Siafikiani nao, kwa sababu nyua zile zenye matao hazikuwekwa kwa ajili ya watalii: ndizo zinazompitisha mtawa kutoka chumbani hadi kanisani, mezani na maktabani, na kwa hiyo kuirudisha ramani ilikuwa kuyarudisha maisha yenyewe.

Kaburi la Benedikto na dada yake Skolastika, lililo chini ya altare kuu, lilisalimika. Kikanisa cha chini nacho kilinusurika kwa sehemu kubwa, pamoja na mozaiki zilizokamilishwa mwaka 1913 na watawa wa abasia ya Beuron, Ujerumani. Hapo ndipo penye undugu wetu: Andreas Amrhein, aliyeanzisha shirika la kimisionari la St. Ottilien mwaka 1884, alikuwa mtawa wa Beuron, na wamisionari wa shirika lake ndio waliofika Pugu mwaka 1888 na Peramiho mwaka 1898. Peramiho nayo ilichomwa mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji (na hasira ile, tuseme kweli, ilikuwa na sababu zake), kisha ikajengwa upya.

Heri ya sikukuu kwenu nyote, hasa mafundi waashi na maseremala wa abasia zetu. Siku hiyo mwiko na randa navyo vipumzike.