Mpira wa kwapani

Shoga yangu Rukia,

Habari za siku nyingi? Mama hajambo? Huku wazima, ila mvua imetushika. Salamu nyingine baadaye, kwanza hili. Ujumbe wako wa sauti wa juzi umenichosha: eti umeiacha Sherlock, ile tamthilia ya BBC ya mpelelezi, njiani kwa kuwa mtu haruki kutoka paa la hospitali, azikwe, kisha arudi na masharubu ya kuchora. Masharubu nakubali, yalikuwa upuuzi. Lakini paa hukulitazama vizuri.

Irudie sehemu ya The Reichenbach Fall, ile ya Januari 2012 anayojifanya kufa, na usianzie paani. Anzia maabara. Sherlock kakaa sakafuni, anadundisha kimpira cha raba kwenye kabati. Unadhani anawaza tu, kumbe silaha iko mkononi. Kimpira kile ukikibana kwapani kwa nguvu, mshipa wa damu uendao mkononi unaminywa, na kwenye kifundo cha mkono hakudundi kitu. Baada ya kuruka, Watson, rafiki yake, akashika kifundo, akakuta kimya. Angegusa shingo, mchezo wote ungeishia pale, maana kimpira cha kwapani hakifiki shingoni. Daktari mzima, tena wa jeshi! Ila tazama wale wapita njia wanavyomng'ang'ania na kumtoa: hawakumpa nafasi.

Halafu sikiliza simu. Watson anashuka teksi, Sherlock anamwamuru arudi alikotoka, asimame pale pale. Kwa nini pale? Kwa sababu kati yake na lami kuna kile kijengo kifupi cha matofali cha magari ya wagonjwa. Anaona mtu akiruka, haoni akitua.

Maelezo yenyewe yalikuja tarehe 1 Januari 2014, kwenye sehemu ya The Empty Hearse. Watu walikaa karibu miaka miwili wanabishana! Yako matatu, mawili ya kwanza ni utani, usiyahesabu. La tatu anaambiwa Anderson, yule mtaalamu wa polisi asiyepatana na Sherlock: chini kulitandazwa mfuko mkubwa wa hewa, ukaondolewa chapuchapu, Molly, yule daktari wa maiti wa hospitali, akasaidia na maiti ya mtu anayefanana naye, mwendesha baiskeli akamgonga Watson, na katika zile sekunde za kizunguzungu Sherlock akalala palipokuwa na maiti, damu ikamwagwa. Kimpira ndicho kilichomalizia.

Linaingia akilini? Karibu lote. Mimi kinachonikera ni ule mfuko: mkubwa vile, mchana kweupe, barabarani! Asiyeuona ni mtu mmoja tu, Watson, aliyesimama nyuma ya kijengo. Kombo anashikilia kwamba Anderson alidanganywa, na kweli Anderson mwenyewe anashtuka: kwa nini aambiwe yeye, kati ya watu wote? Waandishi wameliacha likining'inia makusudi. Mie sijakasirika, kwa sababu kimpira kilionyeshwa mapema, hakikuchomolewa mfukoni mwishoni. Hapo ndipo wengine wanapoharibu.

Ah, na ukianza upya, usichukue ile sehemu ya majaribio ya dakika 60 ambayo haikurushwa. Zilizorushwa ziko 13 tu, kila moja kama saa moja na nusu.

Sasa nijibu. Molly anapoombwa msaada usiku ule maabarani, ulishuku kitu au ulidhani ni mapenzi? Mwendesha baiskeli ulimwona mara ya kwanza? Shemeji naye anasemaje kuhusu mfuko? Na flashi yangu ya buluu, bado unayo au umeshampa Kombo?

Wako,
Zuhura