Baibui Linapoanza Kuburuta: Yoga Tiba kwa Mifupa na Msongo wa Mawazo

Mama mmoja alifika kwenye darasa letu la yoga tiba hapa Ngamiani, Tanga, akimlalamikia fundi cherehani. Baibui lake, lililokuwa likiishia sawasawa kwenye kifundo cha mguu, sasa linazoa vumbi la barabara. Alidhani fundi kalegeza upindo. Tukamsimamisha ukutani, tukampima kwa futikamba, tukalinganisha na urefu ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki ya ujauzito wake wa mwisho, aliyoitunza pamoja na vyeti vya watoto. Zilikosekana sentimita 5. Fundi wa watu alikuwa hana kosa.

Ukipungua urefu kwa sentimita 4 au zaidi tangu ujanani, anza na daktari kabla ya kuja kwetu. Mwulize kuhusu kipimo cha DXA, kile kinachoonyesha uzito wa mifupa. Alama ya T (T-score) ya -2.5 au chini ya hapo ndiyo huitwa osteoporosisi, yaani mifupa imekuwa myepesi na inavunjika kirahisi.

Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili unabomoa sehemu kuukuu na kujenga mpya. Hadi kwenye miaka 30 hivi ujenzi unaongoza, kisha mambo hugeuka polepole. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka na ubomoaji hupata kasi. Mwanamke anaweza kupoteza hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mifupa yake katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo. Hausikii chochote. Pingili za uti wa mgongo zinabonyea kimyakimya, bila hata kuanguka, na kibiongo kinaanza. Wengine hugundua siku waliyoteleza kwenye vigae vya bafuni, wakavunjika nyonga au kifundo cha mkono.

Sasa hapa ndipo tunapogombana na baadhi ya wateja. Wanakuja wameona picha kwenye simu: mtu kajikunja, kichwa kimegusa magoti. Wanataka hiyo. Kwa mwenye mifupa myepesi, hiyo ndiyo yoga ya kumvunja. Mwaka 1984 madaktari wa Mayo Clinic huko Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 59 wenye osteoporosisi. Waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo kwenda nyuma, asilimia 16 walipata mivunjiko mipya ya pingili. Waliofanya ya kuukunja mbele walikuwa asilimia 89. Kundi lilikuwa dogo, lakini sisi tumeshaamua: mwenye mifupa myepesi hapa hagusi vidole vya miguu, hasimamii kichwa, wala hajipindi kiuno hadi mwisho. Akinuna, anune.

Na kukunja mgongo hakuanzii kwenye mkeka. Mtazame mtu anavyofagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, anavyofua kwenye beseni lililoko chini, anavyonyanyua ndoo ya lita 20 huku magoti yamenyooka na mgongo umejipinda kama upinde. Saa moja darasani mara mbili kwa wiki haiwezi kushindana na hayo yote. Kwa hiyo somo letu la kwanza ni kuinama. Waliopita madrasa wanalijua tayari bila kujijua: mwalimu alisema mgongo wa rukuu ulale sawa, maji yakiwekwa juu yake yasimwagike. Unakunja nyonga, mgongo unabaki ubao. Tunalifanya hilo mbele ya ndoo tupu, halafu yenye maji kidogo, hadi mwili uzoee. Ufagio tunaomba uwekewe mpini mrefu. Na ambaye pingili zake zimeshavunjika, aulize daktari kuhusu sujudu. Kusali kwenye kiti kuna ruhusa yake.

Baada ya hapo ndiyo mikao yenyewe. Mfupa hujengeka unapobebeshwa uzito na kuvutwa na misuli, kwa hiyo tunasimama sana. Mkao wa mti, mguu mmoja chini, mkono karibu na ukuta. Mkao wa shujaa, mapaja yakitetemeka. Mkao wa daraja, umelala chali unainua nyonga. Nzige, umelala kifudifudi unainua kifua kidogo tu, kwa ajili ya misuli ya mgongo. Hapa Tanga kila mtu ana baiskeli na watu huniambia, "Mimi mazoezi nafanya, naendesha kila siku." Hongera, moyo wako unashukuru. Ila kwenye baiskeli uzito umebebwa na tandiko, mifupa ya miguu na mgongo haipati kazi ya kutosha. Shuka utembee hadi Raskazoni.

Je, yoga hurudisha mfupa? Kuna utafiti wa mwaka 2016 wa daktari wa Marekani, Loren Fishman: mikao 12, dakika 12 kwa siku. Walijiunga watu 741, walioshika ratiba sawasawa wakawa 227, na mifupa ya mgongo wao ilionyesha kuongezeka uzito. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo siwezi kukuahidi hivyo. Ninachoweza kukuahidi ni kazi ya kuimarisha miguu na kusimama bila kuyumba, maana mivunjiko mingi ya nyonga huanza na kuanguka. Dawa za daktari endelea nazo. Kula pia uono na dagaa pamoja na miba yao, kwa ajili ya kalisi, na upate jua la uani mikono ikiwa wazi, kwa ajili ya vitamini D.

Msongo wa mawazo unaingiaje? Ukikaa na hofu ya ada, ya mgonjwa nyumbani, ya biashara iliyolala, mwili unamwaga homoni ya kotisoli, na kotisoli nyingi kwa muda mrefu ni adui wa mfupa. Ndugu zake wa dukani, vidonge kama prednisolone, vikitumiwa miezi mingi hufanya vivyo hivyo. Kama unavimeza, hata kama ni vya kunenepa, tuambie bila haya. Usivikatishe ghafla mwenyewe, nenda kwa daktari akupangie. Mwisho wa darasa tunakaa kwenye viti, tunavuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, dakika kumi. Wapo wanaokoroma. Hatuwaamshi.

Na lile swali linaloulizwa mlangoni kwa sauti ya chini: je, yoga si ibada ya dini nyingine? Ilizaliwa India, ndani ya dini za huko, hatufichi. Hapa hatuimbi wala kutamka mantra, yale maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa. Ni viungo na pumzi.

Madarasa ya akina mama ni Jumatatu na Jumatano saa 10:30 jioni, watu wakishasali alasiri, wasiozidi sita. Siku ya kwanza hakuna mazoezi wala malipo, ni maswali na futikamba. Mikeka na viti tunavyo. Wewe njoo na majibu ya vipimo kama unayo, na majina ya dawa unazotumia. Kadi ya zamani ya kliniki yenye urefu wako, kama panya hawajaila, ije pia.