Mashine mliiandika, mazoezi mkayaacha

Mhariri,

Ile habari yenu ya ukurasa wa afya, yenye picha ya mzee wa Kizungu akinyanyua kikombe na kichwa kinachotangaza kwamba mkono uliopooza sasa unarejeshwa kwa umeme, imeingia nyumbani kwangu ikavuruga kazi ya muda mrefu. Nimekuwa nikilinunua gazeti hili tangu nilipoanza ualimu na sijawahi kuwaandikia, hata pale mliponiudhi. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Mume wangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Tangu aruhusiwe kutoka hospitali tulikuwa na utaratibu wetu. Asubuhi baada ya chai anatandika taulo mezani na kulisukuma mbele kwa mkono ule, analirudisha, analisukuma tena. Halafu visoda. Namwaga lundo upande mmoja wa sinia, naye anaviokota kimoja kimoja na kuvipeleka upande wa pili, huku mkono wa kushoto nimeufunga kwa kanga usije ukamsaidia mwenzake. Anachoka, ananifokea, siku nyingine machozi yanamtoka. Lakini vidole vilivyokuwa vimekunjamana vilianza kufunguka, na kabla ya habari yenu alikuwa ameshaweza kushika kitasa cha mlango na kukizungusha mwenyewe.

Akaja shemeji yangu na gazeti mkononi. Akamsomea kaka yake kwa sauti, neno kwa neno, kisha akanigeukia: “Shemeji, unamtesa mgonjwa bure. Wenzetu huko wanawekewa mashine, mkono unarudi.” Mume wangu akalisogeza sinia pembeni, akasema ataingoja mashine. Mpaka leo hii ninapoandika hajagusa kisoda. Shemeji naye ameshaanza kuulizia bei ya kiwanja chetu ili tumpeleke mgonjwa India, ingawa habari yenu haikutaja India popote.

Nilifundisha hisabati, tarakimu hazinitishi. Mpwa wangu ni muuguzi. Nikamwomba anitafutie utafiti wenyewe, ule uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2021, tukakaa naye kuusoma. Wagonjwa walikuwa 108, wa Marekani na Uingereza. Wote, Mhariri, wote 108, walipasuliwa na kuwekewa kifaa chini ya ngozi ya kifua, waya wake ukapelekwa shingoni kwenye neva ya vagasi, ile inayopanda hadi kwenye ubongo. Kisha wote wakapelekwa kwenye mazoezi: wiki sita, mara tatu kwa wiki, na katika kila kipindi mgonjwa anarudia miondoko zaidi ya mia tatu ya kunyoosha mkono, kushika, kugeuza, kufungua. Kila mwondoko unapofanyika, mtaalamu aliye mbele ya mgonjwa anabonyeza kitufe na kifaa kinatuma umeme mdogo kwa nusu sekunde tu. Kwa karibu nusu ya wagonjwa umeme ulikuwa wa kweli, kwa waliobaki ulikuwa wa kuigiza. Hakuna hata mmoja aliyelala kitandani akangoja mashine imnyanyulie mkono. Kifaa hicho hakinyanyui mkono wa mtu. Kazi yake ni kuuchochea ubongo pale pale mkono unapojitahidi, ili ubongo uushike ule mwondoko. Mkono usipojitahidi, hakuna cha kushikwa. Wiki sita zilipokwisha, kwenye kipimo cha uwezo wa mkono kiitwacho Fugl-Meyer, ambacho mkono usiougua hupata alama 66, waliopata umeme wa kweli walikuwa wameongeza wastani wa alama 5.0, na wenzao waliobaki na mazoezi pekee waliongeza 2.4. Ni faida, sikatai, na kwa mgonjwa alama tano zinaweza kuwa kijiko kinachofika mdomoni. Lakini nyinyi mliandika kwamba mkono “unarejeshwa”. Miezi mitatu baada ya hapo, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47 kwenye kundi la umeme na asilimia 24 kwenye kundi la pili, kwa hiyo hata penye umeme wa kweli zaidi ya nusu hawakufikia kiwango hicho. Na lililoniuma kuliko yote ni hili: waliochukuliwa katika utafiti ule ni wenye kiharusi cha mshipa kuziba. Mume wangu mshipa ulipasuka, damu ikavujia kwenye ubongo. Kati ya wale 108 hakuwamo mtu wa aina yake. Ameacha mazoezi yaliyokuwa yakimfungua vidole, anangoja kifaa ambacho utafiti wenyewe haukukijaribu kwa mgonjwa kama yeye, na mstari mmoja tu wa mwandishi wenu ungemwepusha na hayo.

Sisemi uchochezi wa ubongo ni uongo. Mwaka 2023 madaktari wa Cleveland Clinic kule Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 12 waliowekewa waya ndani kabisa ya ubongo wa nyuma, wakachanganya na mazoezi, na 9 kati yao wakapata nafuu. Niliyasoma kwa furaha. Ila nilisoma pia lile jaribio la kuchochea ubongo kwa sumaku kupitia kichwani, lililochapishwa mwaka 2018, ambalo wagonjwa 199 wa Marekani waliingizwa, na baada ya miezi sita waliopata nafuu walikuwa asilimia 67 kwa sumaku ya kweli na asilimia 65 kwa sumaku ya kuigiza. Mhariri, zitazameni tarakimu hizo mbili. Mashine haikuongeza kitu cha kuhesabika, lakini karibu theluthi mbili ya watu, wenye sumaku na wasio nayo, waliinuka. Waliinuliwa na nini kama si mazoezi waliyofanya wote pamoja na mwili wenyewe kujirudi? Na mwaka 2006 ulitoka utafiti wa watu 222 ambamo waliofanya vizuri ni wale waliovishwa kitu kama glovu kwenye mkono usiougua kwa wiki mbili, ule dhaifu ukalazimika kufanya kazi. Hicho ndicho nilichokuwa nikikifanya kwa kanga yangu. Haya hayakuwahi kupata picha ya rangi katika gazeti lenu.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na la matangazo. Chini ya habari ileile, kwenye ukurasa uleule, mmeweka tangazo la mtu anayeuza dawa ya kupooza ya siku saba, lenye namba ya simu ya herufi nene. Jirani yangu alimpigia. Alitumiwa chupa mbili za maji meusi, akaacha vidonge vyake vya presha kwa sababu muuzaji alimwambia visichanganywe. Presha ndiyo iliyompasua mume wangu mshipa! Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Hai kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba Dar es Salaam, ukishasawazisha umri, watu zaidi ya 300 kati ya kila 100,000 walikuwa wakipata kiharusi cha kwanza kila mwaka. Hao ni wasomaji wenu na wazazi wa wasomaji wenu. Mnapokea pesa ya tangazo kama lile, kisha mnaliweka jirani na habari ya kitabibu, na mtu asiye na wa kumwelekeza atajuaje lipi limepimwa na lipi halijapimwa? Mume wangu ni mtu aliyesoma, na bado alishindwa kutenganisha.

Ninachoomba ni vitu viwili. Kwanza, chapeni marekebisho kwenye ukurasa uleule wa afya, kwa ukubwa uleule wa kichwa cha habari, mseme kwamba wagonjwa wote wa utafiti ule walifanya mazoezi, na kwamba wenye kiharusi cha damu kuvuja hawakuwamo. Tena kila mtakapoandika habari ya mashine, wekeni na walichopata wale ambao mashine yao ilikuwa ya kuigiza.

Pili, mna safu ya nyota kila siku. Jumatano iondoeni. Mahali pake mchora katuni wenu achore zoezi moja la mkono, kubwa, linaloonekana bila miwani, na mtaalamu wa fiziotherapia aandike chini yake mistari mitatu: mgonjwa akae vipi, mkono uanzie wapi na uishie wapi, na akisikia maumivu ya namna gani aache. Wataalamu wapo. Hospitali ya KCMC pale Moshi wanawafundisha, na wapo waliostaafu ambao wangefanya kazi hii kwa nauli tu. Anzeni na taulo juu ya meza, kwa sababu taulo kila nyumba inalo, kisha visoda, kisha kufungua kopo lenye mfuniko. Mumchore mgonjwa aliyekaa kwenye kiti cha kawaida, siyo kitanda cha hospitali. Na msitie rangi. Kwenye karatasi yenu rangi huvujiana, vidole havitaonekana.

Mwalimu mstaafu,
Tanga