Njoo Lushoto Pasipo na Msiba

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako baba yako amenifikishia, marahaba. Wadogo zako hawajambo, bibi yako hajambo ila magoti tu, nami ni mzima, alhamdulillahi.

Uliponipigia simu uliniuliza, "Mama, muda wote huo Lushoto mnafanya nini?" Mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Nikaona afadhali nikuandikie, maana jibu lenyewe ni refu, na simu ya huku inategemea umesimama upande gani wa nyumba.

Nia yetu ilikuwa kumsalimia bibi na kurudi Dar kabla ya mwaka mpya. Sasa tumebaki mpaka shule zikaribie kufunguliwa, na baba yako amerudi kazini peke yake. Ualimu una neema hiyo: wanafunzi wakifunga, nami nimefunga. Na Desemba ya Dar unaijua, kaskazi imeshika, usiku feni inazungusha joto lile lile. Huku tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, asubuhi natoka nje na sweta na juu yake kanga. Wajerumani walipotawala waliuita mji huu Wilhelmstal, wakawa wanapanda huku kupumzika na joto la pwani. Nami naipenda baridi hii, lakini siyo iliyonibakiza.

Nimebaki kwa sababu yako, kwa sehemu kubwa. Wewe Lushoto unaijua kwa msiba. Ulikuja babu yako alipofariki, ukiwa mdogo, katikati ya masika, nyumba imejaa watu usiowajua wanaolia kwa Kisambaa. Hitima ikasomwa, tukapanda basi tukarudi. Tangu hapo kila nikitaja Lushoto unanyamaza, kisha unataja zamu za hospitali. Sikulaumu. Familia nyingi za mjini ndivyo zinavyoishi na kwao: simu inalia usiku, watu wanachanga nauli, wanazika, wanarudi. Mtoto anakua akijua kwamba kwao ni mahali pa makaburi. Sitaki wadogo zako wakue hivyo, wala sitaki wewe ubaki hivyo.

Siku za mwanzo tulikuwa wageni kweli kweli. Bibi alichinja kuku, akawapa watoto kitanda kizuri, hakuna aliyeruhusiwa hata kuosha kikombe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: wewe unausikia kama msemo, bibi yako anautekeleza. Alimwamsha mdogo wako wa kiume alfajiri, akamkabidhi kijembe kidogo chenye mpini aliouchonga jirani, wakashuka wote wawili kupalilia maharage. Mtoto alirudi na malengelenge na furaha ambayo sijaiona kwake tangu tumnunulie baiskeli. Kuanzia hapo hawakuwa wageni tena. Wanatumwa, wanagombezwa, wanajua ni mlango wa nani unaobishwa na ni wa nani unaingia tu. Wanaamkia kwa "onga mshi" bila kusukumwa. Ziara ya mwisho wa wiki isingewafikisha hapo, ingeishia kwa kuku.

Mdogo wako wa kike yeye ameshikwa na karoti. Alasiri huenda na wasichana wa jirani mtoni kuziosha, wanazikanyaga ndani ya maji mpaka zinang'aa, wanazifunga, kisha zinapandishwa kwenye malori pamoja na kabichi, viazi na matenga ya nyanya. Malori yanaondoka jioni ili yawahi masoko ya Dar kabla hakujacha. Siku moja alimwuliza mwenye shamba analipwa kiasi gani kwa gunia, akapiga hesabu ya fungu tunalonunua sisi pale sokoni, akanyamaza usiku mzima. Kesho yake akaanza kuandika kwenye daftari: mbegu, mbolea, vibarua, dalali, nauli ya lori. Anataka kujua pesa inabaki wapi njiani. Mimi sijamwambia kitu, namwachia daftari lake.

Matunda ndiyo msimu wake. Plamu, mapichi na mapeasi yanauzwa kwa sado kando ya barabara, Soni hasa. Tumekula mpaka matumbo yakatuonya.

Sasa nikwambie jambo ambalo limenifanya nishike kalamu.

Unakumbuka kitindamimba wetu, huyu huyu wa kijembe, alivyoota meno ya juu kabla ya yale ya chini? Ulikuwa umeshapata akili, uliisikia minong'ono ya baadhi ya ndugu zangu. Kigego. Zamani, pwani na bara, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi, na wengine hawakuachwa waishi. Mimi nilikuwa nikilia chumbani. Bibi yako alikuwa amekuja kwetu wakati ule. Alimchukua mtoto akambeba mgongoni kutwa nzima, akaenda naye dukani, akaenda naye kwa majirani, hakusema neno. Nilidhani ni huruma ya bibi tu.

Usiku mmoja tulikuwa jikoni, umeme umekatika, tunangoja makande yaive. Bibi akamwita mjukuu wake akae karibu naye, akaanza habari za Mbegha. Mbegha alizaliwa kule Nguu, naye alikuwa kigego. Ndugu zake walipokufa lawama ikamwangukia yeye; akanyimwa urithi, akaondoka na mbwa wake na mikuki akaingia porini. Kila alipofika aliwaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, nyama akawagawia watu, nao wakampa chakula cha mashambani mwao. Akapanda milima hii, sifa zikimtangulia. Akaua simba, na watu wa Vuga wakamfanya mtawala wao. Kwake ndiko ulikotoka ukoo wa Wakilindi, ulioitawala Usambara kutoka Vuga kizazi baada ya kizazi. Mfalme wao anayetajwa zaidi ni Kimweri ye Nyumbai, yule ambaye mmisionari Krapf alimkuta Vuga mwaka 1848, enzi ambayo mamlaka yake yalishuka mpaka pwani.

Mdogo wako akauliza, "Bibi, kigego kama mimi?"

Bibi akamjibu, "Kama wewe."

Mwanangu, mimi nafundisha historia. Jina la Kimweri nimeliandika ubaoni miaka yote hii, na la Mbegha pia. Sikuwahi kuisikia habari hiyo ikisimuliwa kwa mtoto inayemhusu. Bibi yako aliitunza tangu siku ile aliyombeba mgongoni, akingoja mtoto afike umri wa kuisikia, na aisikie huku. Haikuwa ya kusimuliwa kwenye simu. Isingekuja pia kama tungekuwa wa kuja na kuondoka, kwa sababu haikuja usiku wa kwanza wala wa pili. Ilikuja makande yakichelewa. Sasa kila jioni mtoto anaidai upya, na akisimuliwa anasahihisha bibi akiruka kipande cha mbwa.

Bibi hana cheti cha kuzaliwa. Umri wake anauhesabu kwa matuta. Alizaliwa Mlalo, na mwaka 1946 Waingereza walianzisha huko mradi wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta kwenye miteremko ili udongo usisombwe na mvua. Baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Yeye alikuwa binti mdogo wa kutumwa maji, anampelekea mama yake anayechimba. Kazi iliwaangukia wanawake, na asiyechimba alitozwa faini. Watu walikataa, TANU ikapata nguvu milimani kutokana na hasira hiyo, na mradi ukaachwa kabla ya uhuru. Tulikwenda naye Mlalo akatuonyesha mteremko wenyewe. Alisimama akiegemea bega la mdogo wako wa kike, akasema udongo kweli ulikuwa ukiondoka, hilo halikuwa uongo. Ila mtu hawezi kukulazimisha kupenda shamba lako mwenyewe. Leo watu hao hao wanapanda majani ya kulishia ng'ombe kwenye kingo za mashamba, na udongo unashika. Hakuna aliyetozwa faini. Yapo mambo mengi ningependa viongozi wetu wayasikie kwa wazee namna hii, wamekaa chini, bila kipaza sauti.

Tulikwenda pia Irente. Genge linakatika ghafla, na chini yako unaona nyika yote, mashamba ya mkonge, reli, barabara kuu ya kwenda Same ikiwa uzi. Kwa bibi dunia ina pande mbili, Shambaai huku juu na nyika kule chini, na alitueleza kwa nini vijiji vingi vya kale, Mtae kwa mfano, vimejengwa ukingoni kabisa: huku ukingoni mtu alilima mlimani na akashuka kulima karibu na nyika pia, mvua ikikosekana upande mmoja asife njaa. Nilikuwa nikidhani walipenda mandhari.

Magamba tulikwenda na mwongozaji, ndani ya msitu wa hifadhi, chini ya miti mikubwa ya mikulo. Tuliwaona mbega wakiruka na mikia yao myeupe. Tuliona na kinyonga mwenye pembe mbili puani, wa jamii isiyopatikana kwingine kokote duniani ila Usambara hii. Mdogo wako wa kike aliogopa, kitindamimba akataka aende naye nyumbani. Wewe nilikukumbuka kwa sababu ya ua. Lile ua dogo la zambarau uliloweka dirishani kwako, ukaniambia ni ua la Ulaya, asili yake ni milima hii na huku kwetu Tanga. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, likapewa jina lake, leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Umekuwa ukimwagilia ua la kwenu miaka yote hii.

Bibi haombi kitu, unamjua. Lakini kila jioni tukihesabiana kabla ya kufunga mlango husema, "Na yule mkubwa?" Nami namjibu kwamba uko kazini unawauguza watu. Anafurahi, anasema vizuri. Kisha kesho anauliza tena. Magoti yanamsumbua kweli, kushuka shambani anashuka kwa fimbo, na usiku namsikia anavyojigeuza kitandani. Nakwambia wewe kwa sababu ni muuguzi na huogopi ukweli. Siku moja simu italia usiku na utakuja tu, utake usitake, na nyumba itajaa watu. Ninataka kabla ya hapo uje ukae naye jikoni, akutume, akugombeze, akwambie la kwako. Nina hakika lipo. Aliyemwekea kigego wetu hadithi miaka yote ile hajakuacha wewe mikono mitupu.

Likizo yako inaanza wiki ya kwanza ya Januari, baba yako kaniambia. Usiimalizie kulala. Nenda Stendi ya Magufuli alfajiri, yapo mabasi yanayokuja moja kwa moja Lushoto. Ukikosa, panda lolote la Moshi au Arusha, pitia Chalinze, Segera, Korogwe, ushuke Mombo. Hapo kosta za kupanda mlima hazikosekani. Kutoka Mombo ni kilomita kama 33, lami yote, lakini kona haziishi, na wewe gari hukusumbua tangu utotoni. Omba kiti cha mbele, na usile chipsi Korogwe. Ukifika Soni utayaona maporomoko ya maji kando ya barabara, ujue umekaribia. Baridi itakupokea hapo hapo, kwa hiyo sweta liwe mkononi, lisiwe ndani ya begi chini ya basi.

Mletee bibi papa mkavu, kipande kizuri, maana huku samaki wa bahari ni wa kuhadithiwa, na nazi chache. Chukua kipimo chako cha presha, na dawa ya kuchua magoti ile uliyowahi kumpa shangazi yako. Viatu vya kufungwa, siyo ndala. Njia ni za udongo na mvua za jioni hazijakoma. Zawadi nyingine usihangaike nazo.

Ukikata tiketi nitumie ujumbe, hata nisipojibu utanifikia nikisimama upande wa jiko. Mdogo wako wa kike atakuja kukupokea stendi, kwa sababu njia ya kupandia kwa bibi siyo ile uliyopita zamani, siku hizi tunakatisha kwa mwenye shamba la karoti.

Wasalaam,
Mama yako