Usilivue hilo kava la cheni

Shinyanga, Jumapili jioni

Kwako Mussa,

Salamu zako nimezipata, nasi huku tu wazima. Mama anakuulizia kila siku. Nimefurahi kusikia umepata baiskeli ya mtumba ya Kiholanzi, ila niliposoma kwamba fundi anataka kulivua kava la cheni eti linapiga kelele, nikaona nikuandikie leo leo.

Usimruhusu, ndugu yangu.

Unaikumbuka baiskeli yangu ya Phoenix, cheni wazi. Kiangazi cha huku vumbi unalila na ugali. Kila Jumamosi nilichuchumaa uani na kopo la mafuta ya taa na mswaki uliochoka, nasugua ule uji mweusi. Vumbi likishalowa oili ni msasa. Linaingia kwenye pini na kusaga kimyakimya. Safari moja nilibadili cheni pamoja na spoketi zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni; meno yamechongoka kama ya papa. Na ile suruali yako ya kijivu uliyoniazima, acha leo nikiri: haikupotelea kwa dobi.

Hii ya sasa imefunikwa cheni yote, mbele mpaka nyuma. Mwaka wa pili huu, nimelifungua kava mara nne tu. Natia tone moja la oili nyepesi kila kiungo, nazungusha pedeli, nafuta inayobaki nje. Oili chafu ya magari hapana. Mwezi uliopita nilipima viungo 24, ambavyo cheni ikiwa mpya ni inchi 12 kamili. Haijalika wala kurefuka hata milimita moja.

Sasa hiyo kelele. Kava halijipigi lenyewe, ni cheni iliyolegea inaligonga. Ishike katikati ya spoketi mbili uipandishe na kuishusha. Ikicheza kama sentimita moja, iache. Ikizidi, legeza nati za gurudumu la nyuma, livute nyuma kidogo, pande zote sawasawa, kisha kaza. Kelele ikibaki, huenda kava limepinda; mitumba hupakiwa kwa kubebanishwa. Linyooshe kwa mkono, taratibu.

Fundi wako simlaumu sana. Kutoa gurudumu la nyuma lenye kava ni adha kweli, skrubu ndogondogo zinadondokea mchangani. Lakini pancha haihitaji kulitoa: laza baiskeli, chomoa tairi upande mmoja, vuta tyubu, ziba, rudisha. Kazi inakuja siku ya kubadili tyubu nzima, na siku hiyo muongezee chochote.

Ila hapo Bagamoyo mna hewa ya chumvi, na hewa hiyo kava haliizuii. Wewe fungua mara nyingi kuliko mimi, hasa masika, uangalie kama maji hayajatuama chini.

Nitumie picha ya hilo kava kabla fundi hajaligusa. Suruali nitalipa.

Wako,
Masanja