Kafuri si ya kumezwa

Mhariri, kuhusu ile ripoti yenu ya dawa za mimea, naomba niongeze jambo moja: dawa kuwa ya asili haina maana haiwezi kukuletea degedege. Mafuta ya kafuri, mtoto akimeza kijiko kimoja tu, dakika chache unamkuta amekakamaa, macho yamegeuka juu, na hana hata homa! Na thujoni, kemikali iliyomo kwenye mmea wa pakanga, inazuia GABA, ile kemikali inayotuliza ubongo, sasa mwenye kifafa akinywa jamani hali inakuwaje?

Marekani tangu 1983 kafuri kwenye dawa za kupaka haizidi asilimia 11. Basi wizara za afya zilazimishe kila chupa ya dawa hizi iandikwe onyo kubwa na iwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kufungua, na madaktari wawe wanauliza mgonjwa anatumia mitishamba gani.